Simu Iliyopitishwa Juu ya Vitenge

Swali lililoninyima usingizi kwa siku nane lilikuwa na urefu wa sentimita nne.

Nilikuwa nimewaambia watu, kwa kinywa changu na mbele ya mashahidi, kwamba simu haiwezi kuisoma kadi ya benki ya mtu mpaka mwenye kadi aisogeze mwenyewe karibu kabisa na simu, sentimita nne au pungufu. Nililitilia mkazo neno "mwenyewe". Halikunijia wazo kwamba mtu mzima, mwenye akili zake, anaweza kuichukua simu na kuibandika kifuani kwa ajili ya baraka. Lilipotokea niliulizwa sababu, nikajibu kwa neno moja la uongo. Sasa shoga wa shangazi yangu alikuwa anahama, na ni mimi peke yangu niliyejua kilichomhamisha. Nikisema ukweli, huenda shangazi angempata shoga yake, lakini angejua pia kwamba msomi wake wa dukani hakuwa ameangalia kioo cha simu. Nikikaa kimya, ningebaki msomi.

Nieleze vizuri, maana nisipoeleza vizuri naumwa tumbo.

Nilikuwa na mwaka na miezi tangu nimalize shahada ya uhandisi wa mawasiliano. Nilikuwa nakaa Ilala kwa shangazi, dada yake baba, ambaye anauza vitenge kwenye fremu ya chini katika ghorofa moja la Kariakoo. Nilimsaidia dukani huku nikisubiri majibu ya maombi ya kazi. Ofisi za Posta nilizopeleka barua ni nyingi kiasi kwamba walinzi kadhaa wananijua kwa sura, na mmoja alishaniuliza kama huwa nauza kitu. Kwa asili mimi ni mtu wa kufikiri mno. Ukiniambia "mambo", lazima kwanza niyapitie mambo yangu yote kabla sijasema poa, na mara nyingi ninapomaliza aliyeuliza ameshafika Msimbazi.

Mbele ya fremu yetu, ukivuka ushoroba hatua nne, kuna fremu ya mama anayeuza vifungo, zipu, nyuzi na lasi. Yeye na shangazi walianza biashara wakitazamana tangu jengo lile lilipokuwa nyumba ya bati, nyumba ikavunjwa, ghorofa likapanda, nao wakarudi wakachukua fremu zinazotazamana vilevile. Mteja akinunua kitenge kwa shangazi, huelekezwa vifungo kwa mama yule. Akinunua lasi kule, huulizwa kama ana kitambaa. Chai yao ilikuwa chupa moja. Hata ugomvi wao ulikuwa mmoja, na ulihusu nani alimaliza sukari.

Na walikuwa na utaratibu wao wa kufungua siku. Kariakoo wengi wana namna yao ya kuipokea pesa ya kwanza, lakini yao ilikuwa ndefu. Noti ya kwanza haikuingia kwenye droo moja kwa moja. Shangazi aliishika kwa mkono wa kulia, akasema bismillahi kimoyomoyo, akaipitisha juu ya majora ya vitenge kuanzia rafu ya chini hadi pale mkono unapofika, akaigusisha mkasi, akaigusisha futi ya kupimia, kisha akavuka ushoroba na kumpa mama wa vifungo. Yule aliibandika kifuani, akafumba macho kidogo, akairudisha. Siku ambayo yeye ndiye aliyetangulia kuuza, noti ilisafiri kutoka upande wake. Nimewahi kumuuliza shangazi kama utaratibu huo unasaidia. Akanijibu, "Tuna miaka mingapi hapa?"

Mimi ndiye niliyeleta wazo la simu. Akina dada wa maofisini Posta walikuwa wanakuja asubuhi kabla ya kazi, wanachagua kitenge, kisha wanatoa kadi, na shangazi anawatazama kama wametoa leso. Nikaenda benki, nikarudi na programu inayoigeuza simu ya kawaida kuwa mashine ya kupokelea kadi. Unaandika bei, mteja anagusisha kadi mgongoni mwa simu, kama bei si kubwa hakuna hata namba ya siri, kazi imekwisha. Lilikuwa jambo la kwanza nililomshawishi binadamu yeyote kufanya tangu nimalize chuo, na nilitaka lifanyike kwa uelewa. Kwa hiyo niliwakalisha wote wawili kwenye viti vya plastiki.

"Kadi haina betri," nilianza.

"Sasa inaishije?" mama wa vifungo akauliza.

"Haiishi, mama. Imelala. Ndani ya simu, hapa nyuma, kuna waya mwembamba umezungushwa kama dawa ya mbu ya kuchoma. Na kwenye kadi upo waya kama huo, umezunguka pembezoni. Simu inapitisha umeme kwenye waya wake, umeme unaogeuka huku na huku zaidi ya mara milioni kumi na tatu kwa sekunde moja. Hapo panatokea nguvu ya sumaku inayolizunguka eneo dogo tu. Kadi ikiingia kwenye eneo hilo, waya wake nao unapata umeme kidogo. Ndio unaoiamsha."

"Kwa hiyo simu inaiamsha kadi," shangazi akasema.

"Ndiyo."

"Na kadi inajibu."

"Inajibu."

"Inajibu na nini, baba, kama haina chake?"

Shangazi huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Swali lake lilinifurahisha hadi nikasimama. Hilo ndilo swali ambalo darasani kwetu watu wazima walilikosea kwenye mtihani.

"Haitoi chake, shangazi. Inakula cha simu. Inavuta nguvu kidogo, inaacha, inavuta, inaacha, kwa mpangilio maalumu. Simu inasikia ule mvuto ukiongezeka na kupungua, na ndivyo inavyosoma jibu."

Mama wa vifungo alifikiri. Alikuwa na watoto watano.

"Kama mtoto anavyonyonya," akasema. "Anavuta, anapumzika. Mama anajua anachosema."

"Hasa," nikasema. "Hasa hivyo, mama. Hujawahi kufundisha?"

"Na mtu akipita tu hapa ushorobani na kadi yake?"

"Haiwezi. Nguvu ile inakufa haraka sana ukienda mbali. Sentimita nne, basi. Vidole viwili hivi. Lazima mwenye kadi aisogeze mwenyewe."

Wakaridhika. Nikaridhika zaidi yao. Nikaingia kwenye mipangilio ya programu, nikaona kuna muda ambao simu inasubiri kadi kabla ya kukata tamaa, nikauongeza hadi mwisho, kwa sababu shangazi hapendi kuharakishwa na kitu alichokinunua mwenyewe.

Wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kwa bahati, mteja wa kwanza kila siku alikuwa na noti. Kisha ikafika asubuhi moja, saa mbili na nusu hivi, dada mmoja wa ofisini akachagua pisi tatu za kitenge cha kijani, akatoa pochi yake ndogo.

"Naweza kugusisha?"

Nikaandika bei, nikaweka simu juu ya meza. Akaibandika pochi yote juu ya simu, bila kutoa kadi. Simu ikatetemeka.

"Unaona," nikamwambia, "hata ngozi ya pochi haizuii. Kitu pekee kinachozuia ni chuma, kwa sababu chuma kinaila ile nguvu ya sumaku. Ukitaka kuelewa vizuri, fikiria dawa ya mbu."

"Dawa ya mbu," akasema.

"Ya kuzunguka. Sasa waya wa namna hiyo..."

"Asante, kaka yangu, nimeelewa," akasema, akabeba mfuko wake na kutoka kwa mwendo wa mtu aliyeepuka ajali.

Ambacho sikukiona, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye usoni kuhakikisha anaelewa, ni maandishi kwenye kioo. Ndani ya pochi ile palikuwa na kadi mbili, ya benki na ya mabasi yaendayo kasi. Simu ikiamsha kadi mbili kwa pamoja, zote hujibu mara moja, kelele inakuwa moja, simu haielewi. Ule mtetemo ulikuwa wa kukataa. Kioo kilisema kwa Kiswahili fasaha: Gusisha kadi moja tu. Na simu ikaendelea kusubiri, kwa ule muda mrefu niliouongeza mimi.

Shangazi alikuwa amesimama amenyoosha mkono wa kulia.

"Ya kwanza hiyo," akasema. "Naishika wapi?"

Hapo ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema, huku nacheka, "Imo humo humo kwenye simu, shangazi."

Akaichukua simu. Sikuwahi kumwona mtu akiishika simu namna ile, kama ameshika yai. Bismillahi. Akaipitisha juu ya majora, rafu ya chini, ya kati, ya juu. Akaigusisha mkasi. Akaigusisha futi. Nikageuka kukunja kitenge ili asinione nikitabasamu. Akavuka ushoroba.

"Shoga, leo riziki imekuja na betri."

"Ilete," akasema mama wa vifungo.

Mama yule hana mkoba. Kadi yake huifunga kwenye pindo la kanga na kulichomeka kifuani, upande wa kushoto. Akaipokea simu kwa mikono miwili, akaibandika pale pale anapobandika noti kila siku, akafumba macho.

Simu ikalia. Ule mlio mtamu wa malipo kukubaliwa.

Wote wawili wakashtuka, kisha wakatazamana kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwenye nyuso za watu wazima saa tatu kasoro.

"Umesikia?" shangazi akasema. "Imeitikia."

"Noti haijawahi kuitikia," akasema mama wa vifungo.

Nilipokuwa napokea simu niliona kioo kimeandika: Malipo yamekamilika. Nilijua napaswa kuangalia saa ya malipo. Sikuangalia. Nilijiambia labda mtandao umechelewa kumjibu yule dada. Mtu anayefikiria kila kitu hadi kinachakaa, siku ile, dakika ile, aliamua kupumzika.

Kesho yake asubuhi mama wa vifungo alivuka ushoroba bila chupa ya chai. Binti yake alikuwa amemsomea ujumbe wa benki.

"Shoga, jana nimenunua nini kwako?"

"Hujanunua kitu."

"Benki inasema nimenunua."

Akatoa simu. Shangazi akasoma kwa kuiweka mbali na macho, akasoma tena, akafungua droo, akamhesabia pesa yake yote pale pale, bila kubishana. Ningependa kusema jambo liliishia hapo. Lakini pesa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kadi ilipokuwa.

"Ilijuaje ilipo?" mama wa vifungo akauliza, mkono kifuani. "Mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kujua."

Shangazi akanigeukia. "Baba, wewe ndiye msomi. Imewezekanaje?"

Palikuwa na wanawake wengine watatu ushorobani, wamesimama kwa ile namna ya watu wanaojifanya wanatafuta chenji. Nilimtazama shangazi. Nikaona pochi, kadi mbili, mtetemo, dawa ya mbu, muda niliouongeza, kicheko changu, mgongo wangu uliogeuka. Vyote vikanijia kwa pamoja, na kwa pamoja vikakwama.

"Network," nikasema.

Bongo neno hilo linakubalika kwa kila kitu, lakini mama wa vifungo hakulikubali.

"Network ndiyo iliyoingia kifuani kwangu?" akasema. "Wewe ulituambia inavuta, inaacha. Imevuta. Shoga, simu yako inanyonya."

"Simu yangu mimi?" shangazi akasema. "Nani aliyeibandika kifuani? Nilikushika mkono?"

Walisema na mengine, ya tangu enzi za nyumba ya bati, ambayo sitayaandika. Ilipofika adhuhuri mama wa vifungo alikuwa amegeuza kiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu ghorofa lijengwe tulikuwa tunatazama mgongo wake.

Habari ilisambaa kwa njia ambayo haihitaji waya wala nguvu ya sumaku, wala haifi kwa umbali. Siku ya pili wanawake walipita mbele ya fremu yetu wameshika vifua, kama watu wanaoimba wimbo wa taifa. Siku ya tatu wengine walianza kuzunguka kwa mlango wa nyuma. Siku ya nne kijana mmoja mmachinga alitandika turubai nje ya mlango wetu akauza vifuko vya karatasi za kufungia chakula, zile za kung'aa.

"Kinga ya kadi, buku, elfu moja. Dada angu, linda kadi yako. Humu ndani kuna simu inanyonya. Buku tu."

Nilitoka nikamwambia kwamba anachosema si sahihi. Nikamwambia kadi haitoi siri yake kila inapoguswa, inatoa tarakimu mpya zinazofaa mara moja tu, kwa hiyo hata mtu akizinasa hazimfai.

"Kwa hiyo kifuko changu hakifanyi kazi?" akauliza.

Nikalazimika kuwa mkweli. "Kinafanya. Ile karatasi ni ya madini, inazuia kabisa."

"Mmemsikia injinia," akawaambia wateja. Akauza vinne pale pale.

Shangazi hakulalamika. Angelalamika ningepata nafuu. Aliendelea kufungua duka, kupokea noti ya kwanza ilipopatikana, kuipitisha juu ya majora, kuigusisha mkasi na futi, kisha anafika kwenye ukingo wa ushoroba, anasimama, anarudi. Mara moja nilimwona ameitia noti ile kwenye droo kisha ameitoa tena akaitazama, kama amesahau sehemu ya pili ya jambo. Chai alikuwa ananunua ya kikombe. Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida, akaniuliza kama kuna ofisi imejibu.

Nami nikafanya ninachoweza, yaani utafiti. Nilichukua kanga ya shangazi iliyokuwa kwenye kamba, nikaifunga kadi yangu ndani yake, nikapima kwa rula ya shule. Mkunjo mmoja, simu inasoma. Mikunjo minne, inasoma. Mikunjo minane, inasoma ukiibana. Kanga mbichi na kanga kavu, sawa. Nikaandika jedwali. Nilipolimaliza nililitazama nikagundua kwamba halina safu ya mimi. Kila kitu kilikuwa kimepimwa isipokuwa nani alikuwa anaangalia kioo.

Nikaandika hotuba tatu za kukiri. Ya kwanza ilianza na historia ya sumaku. Ya pili ilikuwa fupi lakini ilikuwa na mchoro. Ya tatu ilikuwa "samahani" tu, nikaona haina ushahidi. Nikajiuliza: nikimwambia shangazi kwanza, mama wa vifungo ataona tumepanga. Nikimwambia mama wa vifungo kwanza, shangazi ataaibika kusikia kwa jirani. Nikiwaambia pamoja, nitawapataje pamoja na hawakai pamoja? Na hawakai pamoja kwa sababu sijawaambia. Niliizunguka hoja hiyo kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Alhamisi jioni nikasikia, kwa yule yule mmachinga, kwamba mama wa vifungo amepata fremu mtaa wa nyuma. Anahama Jumamosi. Dalali anamsubiri apeleke kodi saa saba mchana.

Jumamosi saa nne guta la mizigo, la magurudumu matatu, lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Mwenye guta, mtu mzima mwenye kofia ya sufu na joto lile, alikuwa amepakia masanduku ya zipu na vifungo na anakaza kamba. Mama wa vifungo alikuwa amesimama ushorobani na ufunguo mkononi, anaitazama fremu yake tupu. Shangazi alikuwa ndani kwetu anakunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa. Hatua nne kati yao. Hakuna aliyekuwa anamwangalia mwenzake, na wote wawili walikuwa hawaangalii kwa bidii kubwa.

Nikaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku ile wako pamoja, na kwamba hawatakuwa tena. Nikaacha kufikiri. Sikuamua kuacha, fikra zilifika mwisho wa barabara tu. Nikachukua simu, nikavuta kanga moja ya shangazi kwenye rafu, nikasimama katikati ya ushoroba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, akiuambia ufunguo.

"Haikuwa network."

Akageuka. "Nini?"

"Siku ile. Haikuwa network. Ilikuwa mimi."

Nyuma yangu nikasikia kitenge kimeacha kukunjwa.

"Yule dada wa ofisini alibandika pochi yenye kadi mbili, simu ikazikataa. Haikuchukua pesa. Ikabaki inasubiri kadi nyingine. Ilikuwa imeandika kwenye kioo, na mimi sikusoma kwa sababu nilikuwa naongea. Halafu nikamwambia shangazi pesa imo humo. Halafu mama ukaibandika kwenye kadi yako. Unaona, kadi haina betri..."

"Rudia," akasema mama wa vifungo. "Polepole. Na usianze na betri."

Nikarudia. Safari hii nilimaliza kwa sentensi nne, ambazo ndizo fupi kuliko zote nilizowahi kusema kuhusu taaluma yangu. Watu walikuwa wameanza kusimama. Mmachinga wa vifuko aliacha biashara yake akaja na kiti chake.

"Na ulijua tangu lini?" shangazi akauliza kutoka mlangoni.

"Tangu ile asubuhi uliponiuliza."

Mama wa vifungo ndiye aliyedakia.

"Maneno tumeyasikia. Mwanzo pia ulisema maneno."

Nikajifunga ile kanga. Niliifunga kifuani kama mwanamke anayetoka kuoga, kwa sababu hivyo ndivyo mikunjo inavyokaa sawa, na kadi yangu nikaitia kwenye pindo upande wa kushoto. Kicheko kilianza upande wa ngazi kikaja hadi mlangoni. Nikampa simu mama wa vifungo.

"Andika bei wewe mwenyewe. Kisha sogeza."

Akaandika. Baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa ameandika elfu ishirini, kiasi kilichokuwa karibu na chote nilichokuwa nacho benki. Akanyoosha mkono akaanza mbali, akapima kwa vidole vyake kati ya simu na kifua changu. Vidole vinne, kimya. Vidole vitatu, kimya. Alinitazama kama mtu anayetaka kuamini na anayekatazwa. Vidole viwili, simu ikalia.

"Hiyo ya usumbufu," akasema.

Akarudisha mkono nyuma, akajaribu tena kwa kuupitisha ubavuni, mgongoni, mbele ya mmachinga, mbele ya tumbo la mwenye guta. Kimya. Nikamwonyesha kioo: ikishamaliza malipo moja, haisubiri kitu chochote hadi uandike bei nyingine. Akasoma maandishi yote, herufi kwa herufi, jambo ambalo mhandisi hakulifanya.

"Kwa hiyo shoga hakujua," akasema taratibu.

"Ningejulia wapi?" shangazi akasema. Alikuwa ameshavuka mlango. "Mimi niliambiwa imo humo."

"Na mimi nikaambiwa network."

"Tumeambiwa wote."

Wakanigeukia. Nilikuwa bado nimejifunga kanga.

"Shoga, huyu ulimsomesha wewe?"

"Kaka yangu ndiye aliyemsomesha. Mimi namlisha tu."

"Miaka minne chuoni, na kusoma kioo hawezi."

"Vitenge vyangu pisi tatu vinatembea Posta bure," shangazi akasema, na hapo ndipo nilipojua kwamba ameshaelewa hesabu yote. "Nyumbani tutaongea, baba. Leo utaongea mafupi."

"Siku nane," akasema mama wa vifungo. "Siku nane nimekunywa chai ya kikombe, ya yule mpika majani ya mwembe."

"Kwani mimi nilikunywa ya nani?"

Wakaendelea kunisema, huyu akiacha yule anapokea, wakasogeleana bila kuangalia hatua zao, hadi shangazi akawa ameshika bega la mwenzake ili amwonyeshe jinsi nilivyokuwa nimegeuza mgongo siku ile kukunja kitenge. Sijawahi kusemwa vile. Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita nilisikia njaa.

Mwenye guta akapiga kengele. "Mama, tunaenda au hatuendi? Dalali anasubiri."

Mama wa vifungo alitazama fremu yake tupu, akamtazama shangazi, akautia ufunguo kwenye pindo la kanga.

"Shusha," akasema.

"Nimeshafunga kamba."

"Atafungua injinia."

Nikavua kanga ya watu, nikaikunja, nikaenda kwenye guta. Kamba ilikuwa na mafundo sita. Kwa kawaida ningeyachunguza yote kwanza nione lipi linashikilia lipi. Nilianza na la kwanza nililoliona.